Dila kakuharibia sevisi: urudi palepale, uhamie tawi lingine au uende kwa fundi wa nje?

Umepeleka gari kwa dila, yaani kwa wale wenye nembo ya kampuni yenyewe mlangoni, umelipa hela ya maana kuliko ambayo fundi wa mtaani angekutoza, na gari limerudi na ugonjwa uleule. Au limerudi na mwingine ambao halikuwa nao. Au limekaa huko wiki nzima, ukipiga simu unaambiwa spea iko njiani, ukiuliza njiani wapi hakuna anayejua. Inauma sana, kwa sababu ulienda kwa dila makusudi ili yasikukute haya.

Hapo wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili. Kuna wanaofoka pale kaunta halafu wanaondoka hawana hata karatasi mkononi, na kuna wanaonyamaza, wanalipa na kuhama moja kwa moja. Yote mawili yanamfaa dila kuliko yanavyokufaa wewe mwenye gari. Njia zipo kama tano hivi na kila moja ina mahali pake, kwaiyo nazipanga hapa tuzilinganishe, na nitasema wazi mimi nasimamia wapi.

Kabla hujachagua kuna maswali mawili ya kujijibu. La kwanza, waranti bado iko hai au imeisha? Angalia miaka na kilomita zote mbili, kwa sababu waranti huwa inakufa kwa kile kitakachotangulia, na pia angalia imefunika nini, maana injini na gia boksi mara nyingi zina muda wao, rangi na kutu zina wao, betri ina wake mfupi. La pili, ulichoudhiwa nacho ni nini hasa? Kauli mbaya na kucheleweshwa ni jambo moja, kazi mbovu ni jambo jingine, na kulipishwa kitu ambacho hakikufanyika ni la tatu kabisa. Watu wanayachanganya yote kwenye lalamiko moja, mwisho wa siku dila anajibu lile jepesi, anakuomba radhi kwa kauli ya yule kijana, na breki zinabaki zilivyo.

Kurudi palepale

Najua ndo njia ambayo huitaki hata kuisikia, lakini kama tatizo ni kazi mbovu mimi naiweka ya kwanza, hata kama umekasirika kiasi gani. Sababu ni kwamba wao ndo waliochukua hela yako, wao ndo wenye deni la kuirudia kazi bure, na ukiruka hatua hii kila utakayemwendea baadaye, iwe kampuni mama (ile inayotengeneza gari) au mahakama, atakuuliza je uliwapa nafasi ya kurekebisha? Ukisema hapana umeshajipunguzia nguvu.

Ila kuna kurudi na kurudi. Anayekupokea kaunta sio fundi, na mara nyingi fundi hatakuona wala kukusikia, atasoma tu kilichoandikwa kwenye jobu kadi, ile karatasi ya kazi inayojazwa gari likipokelewa. Sasa ukisema "gari linatetemeka" na mtu wa kaunta akaandika "gari linatetemeka", fundi atabalansi matairi, atazunguka nalo kidogo, atalirudisha. Hebu linganisha na hii: "usukani unatetemeka nikikanyaga breki tu, kuanzia kama kilomita 80 kwa saa, nisipokanyaga umetulia kabisa". Hapo fundi moja kwa moja anaenda kwenye diski za breki za mbele, kwa sababu kutetemeka kunakokuja na breki kwa kawaida ni diski, na kunakokuja na mwendo tu bila breki ndo kunaanza kuelekea kwenye balansi ya matairi. Shida ni ileile ila majibu yanakuja tofauti kabisa. Mweleze dalili, inakuja lini, injini ikiwa ya baridi au imeshapata moto, mwendo gani, ukikata kona au ukienda sawa, na usimwambie ugonjwa. Ukienda na ugonjwa wako kichwani, "nibadilishie shokapu", watabadilisha shokapu na ukirudi watakwambia wewe ndo uliyeomba. Halafu soma alichoandika kabla ya kusaini, na kama amefupisha mwombe aongeze palepale.

Kama tatizo linakuja na kuondoka, omba fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, apande gari na wewe uendeshe wewe mwenyewe. Hii wengi hawaiombi, na inafanya kazi kuliko barua kumi. Wewe unajua linalia wapi na kwa mwendo gani, yeye ana masikio ya miaka mingi, dakika ishirini ndani ya gari zinaweza kumaliza mjadala wa mwezi. Rekodi pia video na sauti kwenye simu, dashibodi ionekane, maana taa ya injini ina tabia ya kuzima siku ambayo umelipeleka (kompyuta ya gari huwa inatunza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati kosa linatokea, kwaiyo usikubali mtu afute makosa kabla hajayasoma na kuyaandika).

Na ukiambiwa "hatujaona tatizo" usiondoke hivihivi. Chukua nakala ya jobu kadi inayosema tarehe, kilomita, ulichokilalamikia na jibu lao hilo la kwamba hawajaona kitu. Karatasi inayosema hatujaona tatizo inaonekana haina maana ila ndo inayothibitisha kwamba ulilalamika ndani ya waranti, na ugonjwa ukija kuonekana mwezi mmoja baada ya waranti kuisha una pa kusimamia. Kwenye majimbo mengi ya Marekani sheria za magari mabovu zinahesabu hasa hivi vitu, limerudishwa mara ngapi kwa kosa lilelile na limekaa gereji siku ngapi, 30 ndo idadi inayotajwa sana, na bila karatasi hakuna cha kuhesabu.

Niseme pia kitu ambacho kinaeleza mengi. Kwenye madila mengi fundi halipwi kwa saa anazokaa kazini, analipwa kwa masaa ya kitabu. Kazi imeandikwa masaa mawili, akiimaliza kwa saa moja analipwa mawili, akiimaliza kwa manne analipwa hayohayo mawili. Kutafuta mlio ambao hausikiki kila siku kunamlia muda wake, na kazi za waranti mara nyingi zinapewa muda mfupi zaidi kuliko za mteja anayelipa. Yule kijana huenda hana roho mbaya, mfumo ndo unamkimbiza. Kwaiyo kumgombeza hakukusaidii, kinachosaidia ni kumpata meneja wa sevisi na kumwambia kwa utulivu: nataka hii kazi apewe fundi wenu mwenye uzoefu zaidi, na nataka ajue hii ni mara ya pili.

Ubaya wa njia hii upo, siufichi. Ni watu walewale, wanalinda kazi yao ileile, na kama tatizo ni uaminifu, yaani wamekulipisha kitu ambacho hakikufanyika, kuwarudishia gari walishike tena bila wewe kuwa na ushahidi ni kuwapa nafasi ya kufunika. Hapo unaanza na ushahidi ndo unarudi.

Kuhamia tawi lingine la kampuni ileile

Watu wengi hawajui kwamba dila sio kampuni inayotengeneza gari. Mara nyingi ni biashara ya mtu mwingine kabisa aliyepewa kibali cha kutumia nembo, kwaiyo dila wa huku na dila wa kule wanaweza kuwa hawajuani hata kidogo, na waranti ya kampuni kwa kawaida inakubalika kwa dila yeyote mwenye kibali, hata kama hakukuuzia yeye. Soma kijitabu cha waranti uhakikishe kuhusu gari lako, lakini kwa kawaida ndo ilivyo.

Nikilinganisha na kurudi palepale, faida kubwa hapa ni macho mapya bila kupoteza waranti. Wana mashine zilezile za kupimia, wana taarifa zilezile za kiufundi ambazo kampuni inawatumia mafundi wake kuhusu magonjwa yanayojulikana ya gari fulani, na hawana kazi ya zamani ya kuitetea. Waulize hivyohivyo: kuna taarifa yoyote ya kampuni kuhusu dalili hii kwa toleo langu? Swali hilo peke yake linabadilisha wanavyokuchukulia.

Hasara ni kwamba hawa hawawezi kukurudishia hela uliyolipa kule. Kama ulitoa hela mfukoni kwa kazi iliyoharibika, tawi jipya litakulipisha upya au litakwambia rudi kwa waliofanya. Kwaiyo kwa kazi ya waranti tawi lingine ni zuri sana, kwa kazi uliyolipia mwenyewe ni zuri kama tu umeshakata tamaa na hela ile. Na kama jina la mwenye biashara ni moja kwa matawi yote mawili, usitegemee tofauti kubwa.

Fundi wa nje

Hapa ndo ubishi ulipo siku zote, wengine watakwambia fundi wa nje ataua waranti, wengine watakwambia dila ni wezi na fundi wa nje ni malaika. Wote wanakosea kidogo.

Tuanze na waranti. Marekani kuna sheria ya mwaka 1975 inayokataza kampuni kukulazimisha kutumia gereji fulani au spea za jina fulani ili waranti ibaki hai, isipokuwa wakupe bure. Umoja wa Ulaya una kanuni za ushindani, namba 461 ya mwaka 2010, zinazoelekea hukohuko, na Afrika Kusini miongozo ya tume ya ushindani ilianza kufanya kazi Julai 2021. Nchi nyingine hazina ulinzi wa namna hiyo, kwaiyo uliza za kwako kabla. Lakini hata palipo na ulinzi, kama fundi wako ameweka oili isiyo sahihi na injini ikafa kwa sababu ya oili hiyo, dila ana haki ya kukataa. Ndo maana risiti ya fundi wa nje lazima iandike kilomita, tarehe, aina ya oili kama 0W-20 au 5W-30 ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na filta gani. Fundi asiyependa kuandika risiti usimpe gari lenye waranti, hata awe hodari vipi.

Faida yake ni kubwa kweli lakini. Unaongea na mikono inayoshika spana. Unaona kazi ikifanyika. Bei iko chini, na fundi aliyebobea kwenye aina moja ya gari anaweza kuwa ameshaona ugonjwa wako mara nyingi kuliko kijana aliyeanza kwa dila mwaka jana. Gari ambalo waranti imeisha na kazi ni za kawaida, breki, miguu ya mbele, oili, mikanda, mimi sioni sababu ya kuendelea kunyanyaswa na dila, hama.

Kipimo changu cha fundi wa nje ni kimoja: anapima kabla ya kubadilisha? Chukua kosa P0420, moja ya namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inatunza, linasoma kwamba katalitiki, ile wengi wanaita masega, haisafishi moshi inavyotakiwa. Fundi wa haraka anachomeka skana, anasoma, anakwambia nunua masega mapya, na hiyo ni spea ya bei kali. Fundi mzuri anaanza kuangalia kama ekzosi inavuja mahali, anaangalia sensa za oksijeni zinasomaje, anauliza kama injini inakula oili au ina misi (inarukaruka kuwaka), kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuwasha kosa hilohilo au kuja kuua masega mapya kama yalivyokufa ya zamani. Kosa linakuonyesha pa kuanzia kutafuta, halikutajii spea ya kununua. Na dila naye mpime kwa kipimo hichohicho tafadhali.

Yapo ambayo fundi wa nje hatakusaidia: apdeti za kompyuta za gari kwa kampuni nyingi, funguo za kisasa, na yale marekebisho ya usalama ambayo kampuni inaita magari yarudi. Hayo ya usalama kwa kawaida dila anafanya bure hata kama waranti imeisha na hata kama gari umelinunua mkononi kwa mtu, unaangalia kwa namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi ina tarakimu na herufi 17.

Sasa kuna matumizi ya fundi wa nje ambayo watu wanayasahau na mimi nayathamini kuliko yote: mtumie kama shahidi. Mlipe akague tu. Apige picha, aandike alichokiona, aweke saini, na ASIFUNGUE kitu chochote wala kurekebisha. Akishagusa nati moja dila atasema ni yeye aliyeharibu, na hutakuwa na la kujibu. Ukirudi kwa dila na karatasi ya mtu mwingine yenye picha, maongezi yanakuwa tofauti kabisa na ukirudi na hasira.

Kuna mengine hata huhitaji fundi kuyaona. Ukiambiwa diski za breki zimeisha, muulize zina unene gani sasa na kiwango cha mwisho ni kipi, maana kwa kawaida kiwango hicho kimechapwa kwenye diski yenyewe, herufi ndogo pembezoni au kwenye sehemu ya katikati, MIN TH halafu namba kwa milimita. Akupimie mbele yako. Ukiambiwa filta ya hewa imebadilishwa, fungua boksi lake uangalie, filta mpya haina vumbi kwenye mikunjo, hilo halihitaji usomi. Oili mpya kwenye kijiti cha kupimia inang'aa kwa injini ya petroli, kwa dizeli inaweza kuwa nyeusi siku hiyohiyo kwaiyo usiwaonee bure. Na kabla ya kazi kuanza sema unataka spea za zamani zirudishwe, iandikwe kwenye jobu kadi, ukisema baada ya kazi utaambiwa zimeshatupwa. (Kwenye waranti wanaweza kukataa kwa sababu kampuni inazidai, hiyo ni kweli sio janja.)

Kampuni mama

Hii inashinda njia nyingine zote kwenye hali moja tu: waranti imeisha juzijuzi, kosa ni kubwa na linajulikana, na sevisi zako zina kumbukumbu. Kampuni nyingi zina utaratibu wa kubeba gharama yote au sehemu yake kwa hiari hata baada ya waranti, lakini hawakutangazii, unaomba mwenyewe. Andika barua pepe fupi: namba ya chasisi, kilomita, tarehe za kila mara uliyokwenda, namba za jobu kadi, unachotaka. Unachotaka kiwe kimoja na kiwe wazi, "naomba gia boksi ibadilishwe kwa gharama yenu" sio "naomba msaada". Kurasa nne za machungu hakuna atakayezisoma. Kwa kauli mbaya ya kaunta usitegemee kitu hapa, watakurudisha kwa dila huyohuyo, na majibu yanachukua muda.

Mamlaka za kulinda walaji na mahakama za madai madogo nazitaja kwa kifupi kwa sababu kila nchi na zake, ila ziko kwa ajili ya hela kubwa au usalama, na zote zitataka vitu vilevile: jobu kadi, risiti, ripoti ya fundi, ushahidi kwamba ulimwandikia meneja na akapewa muda wa kujibu. Ukilinganisha na barua ya kampuni mama hii inachosha zaidi, ila ndo pekee inayoweza kumlazimisha mtu. Kuandika mtandaoni nako kunaamsha watu, lakini fanya baada ya meneja kushindwa kujibu, na andika tu unachoweza kukithibitisha.

Mimi ningechaguaje

Waranti ipo na kazi ni mbovu: rudi palepale mara moja ukiwa na dalili zilizoandikwa vizuri na fomeni ndani ya gari, ikishindikana tawi lingine, usikae ukirudi kwa watu walewale miezi. Waranti ipo na hawaaminiki: fundi shahidi kwanza, halafu meneja, halafu kampuni mama. Waranti imeisha na kazi ni ya kawaida: fundi wa nje, bila kujiuliza mara mbili. Waranti imeisha ila ni kompyuta, funguo au gia boksi ya aina ngumu: hapa nasita, ningetafuta mbobezi wa nje kwanza na nikimkosa ningebaki na dila, tawi lingine. Kauli mbaya tu wakati kazi ni nzuri: ongea na meneja, omba mtu mwingine wa kaunta, baki. Fundi mzuri ni adimu, usimwache kwa sababu ya mpokeaji.

Invoisi ikiwa na mambo hukuyaidhinisha, kusafisha nozeli, dawa ya kwenye tenki, kusukutua injini, fungua kitabu cha gari palepale kaunta uangalie kama yapo kwenye ratiba ya kilomita zako. Kama hayapo na hukusaini, sema hulipi hayo na utalipa mengine yote. Wakikataa kutoa gari na unalihitaji, lipa ila andika kwenye invoisi kwamba umelipa ukipinga kipengele fulani, upige picha, na ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Ila kama gari limetoka kwao breki zinazama, usukani unavuta, nati za rimu zimelegea au kuna harufu ya petroli, hulinganishi kitu hapo. Zima, usiliendeshe hata kurudi kwao hapo karibu, piga picha pale liliposimama na namba ya kilomita ionekane, mpigie meneja umwambie waje wenyewe kulichukua kwa gari la kuvuta na kwa gharama yao, na ujumbe huohuo mtumie kwa maandishi dakika hiyohiyo.